Kadi za Boksi la Biskuti

Mtihani ni Jumatatu. Kadi nimezikata
kwenye boksi la biskuti alilonipa Lali wa dukani:
upande huu neno, upande ule maana.
Nakariri nikikaanga viazi karai hapa Likoni,
jicho moja kwenye mafuta, jingine kwa Bi Nyevu
ambaye hayupo, ila sauti yake ya darasani
imenikaa sikioni kama maji ya kuoga.

Kadi ya kwanza ina doa la ukwaju.
Hisi, nimeandika, ni mpagazi:
hubeba mwanga, mlio, harufu,
hutua mzigo mlangoni ikaenda zake.
Utambuzi ndio hufungua, ukapekua,
ukatangaza kilichomo. Pengine husema uongo.
Mlango wetu ukigongwa mara tatu
mimi na Shekue twapata mlio uleule.
Mimi nasikia mteja.
Ndugu yangu asikia mwenye nyumba.

Baba aliokota ya pili, akaisoma kwa taabu:
uhamishaji. Akauliza, ni mambo ya forodha?
Nikamwambia, hukukosea sana, baba.
Ni hasira iliyoshindwa kushushwa ilipopakiwa
ikatafuta bandari nyingine.
Mtu atukanwa na nyapara Kilindini saa nne asubuhi,
usiku mchuzi nyumbani waambiwa hauna chumvi, hauna adabu,
na sisi ndio twakaa Shika Adabu!
Baba akacheka.
Kisha akaacha kucheka.
Siku mbili alikula bila kuuliza chumvi.

Kitabuni kuna mbwa: kengele ikilia, mate yamtoka,
maana kengele na chakula vilikuja pamoja
hadi mwili ukavifunga fundo moja.
Mimi sina mbwa. Nina honi ya feri.
Usiku ule tulikuwa kwenye tuktuk, mama kaniegemea begani,
na honi ikalia, na feri ikaondoka bila sisi.
Honi haina kosa. Haikumjua mama.
Lakini nikivuka jioni kwenda chuoni
ikilia tu, viganja vyanitota.
Bi Nyevu asema fundo hulegea:
honi ikilia mara nyingi pasipo msiba,
woga hufifia wenyewe.
Nimehesabu. Mia mbili na kumi na nne.
Mwili wangu haujui hesabu.

Mazoea. Hii niliiandika haraka, nikaifunika na sufuria.
Akili huacha kusikia kinachorudiwarudiwa:
feni, mashine ya kusaga, kikohozi
nyuma ya ukuta, mwezi wa pili, wa tatu.
Twalala nacho. Twaota nacho.
Usiku kilipokoma
sote tuliamka.

Iliyobaki ilikuwa ya Shekue, ndivyo nilivyodhani.
Tangu Rajabu hatoki chumbani, nywele kama sufi,
simu kaizima, kazi ya kinyozi kaiacha.
Kukana: nafsi kuufungia mlango ukweli
ambao jicho limekwisha kuuona.
Nikamtilia kadi chini ya mlango
kama mtu anayepeleka bili ya stima.
Alitoka. Kwa mara ya kwanza wiki hiyo, alitoka,
kadi mkononi, akasimama kwenye mkeka
nami napakua.
Akahesabu kwa kidole. Baba. Mimi. Wewe.
Akaniuliza, tena kwa upole,
"Na hii sahani ya nne, dada,
kila siku waipakulia nani?"

Mteja ataka pilipili zaidi. Namtilia.
Jumatatu nitaijibu vizuri, najua:
kukana ni ngao, huikinga nafsi kwa muda,
toa mfano mmoja, alama tatu.
Sahani nimeiosha.
Imekauka tangu jana, naishika,
na bado sijajua niiweke wapi.