Mtu wa Nne

Injini ya kinu cha posho cha Mama Minayo
ilikuwa mzigo wa watu wanne:
Asava, Mudaki, mimi,
na Kegode, aliyeshika upande wa flaiwili
kwa sababu, alisema, sisi wengine tuna mikono ya makarani.

Machi mwaka juzi, hapa hapa Chavakali,
mvua ikinyunyiza, ubao ukateleza.
Hatukusikia mfupa. Tulimsikia Kegode
akisema "Ngojeni," kwa sauti ya kawaida,
kama mtu aliyesahau kofia ndani.

Tangu siku hiyo anakaa juu ya kreti ya soda
mlangoni pa karakana, mkanda wa hospitali kiunoni,
redio pajani,
na injini za watu zinangoja barazani
kama wagonjwa wasio na jamaa.
Watatu hawainui mzigo wa wanne.
Tulijaribu. Tuliishia kutukanana.

Basi nikateremka Kibuye na pikapu ya marehemu baba,
Datsun nyeupe yenye mlango mmoja wa kijani,
nikarudi na bomba la mraba, inchi tatu, unene milimita sita
(muuzaji aliapa lilitoka kwenye daraja; sikuuliza daraja gani),
jeki ya chupa, mnyororo,
pini mbili nene kama gumba, na ndoano.

Kegode akaigeuza ndoano mkononi.
"Hii ni ya bucha. Ya mbuzi. Irudishe."
Nikairudisha. Petroli ya mia tano kwa ndoano moja.

Tukachora kwa chaki sakafuni:
nguzo isimame hivi, mkono ulale hivi,
jeki ikae kwapani, isukume.
Kegode akafuta kwa ncha ya bakora.
Tukachora tena. Akafuta.
"Mkono mrefu unajigamba," akasema,
"mkono mfupi unabeba."
Tukapunguza nusu hatua.

Siku tatu za kuchomelea.
Stima ilipotea katikati ya mshono,
tukakaa gizani tukinusa chuma kikipoa.
Mshono wa kwanza niliugonga kwa nyundo, ukanijibu kengele.
Wa pili ukanijibu debe.
Nikausaga wote, nikaanza upya.

Jumamosi jioni tukauchomeka nyuma ya Datsun,
kwenye tundu la kufungia trela. Pini ikalia ta!
Tukaifunga injini ya Minayo, Mudaki akapampu.
Injini haikupanda.
Kilichopanda ni pua ya Datsun:
magurudumu ya mbele yakaacha ardhi
taratibu, bila aibu,
kama ng'ombe anayenusa mvua ya upande wa Kaimosi.
Watoto wakapiga makofi.
Mama Minayo akauliza kama bado tunataka hela yake.

Sikulala. Nilikuwa nimehesabu kila kilo
ila zile za kujishika.

Asubuhi Kegode hakunisalimu hata.
"Mimi siku hizi nasimama kwa miguu mitatu," alisema.
"Hilo jitu lako linategemea magurudumu tu.
Lipe bakora."
Mudaki akadhani anataka tulichape.

Nikakata kipande cha bomba, nikakiwekea kisahani chini,
nikakisimamisha wima kutoka tunduni hadi kwenye murram.
Kegode akakipiga teke dogo, la mgonjwa.
Hakikutikisika.

Kisha akaja, hatua, hatua,
akaushika mti wa jeki
kwa vidole viwili, kama mtu anayechukua ugoro,
akabonyeza.
Akabonyeza.
Mnyororo ukanyooka, ukasema neno moja.
Injini ikaachana na vumbi lake,
ikaacha duara jeusi la mafuta pale chini,
na flaiwili, ule upande wake,
ikapita mbele ya uso wake
polepole, ikizunguka kidogo.

Asava alikohoa. Mudaki akajifanya anatafuta spana
iliyokuwa mfukoni mwake.
Kegode aliitazama ikining'inia
mpaka ikatulia kabisa,
akapangusa vidole kwenye mkanda wa hospitali.

"Jeki inavuja," akasema.
"Na huu mshono wa kushoto
uliuchomelea ukiwa na njaa."