Kina

Urefu mita sita. Upana mbili.
Kina nilipima kwa rula ya darasani: sentimita thelathini,
karoti haitaki ubahili.
Nikaandika ukutani kwa chaki, miaka minne baada ya kustaafu:
mita za ujazo tatu nukta sita.
Toroli la jirani, likijaa bila kilima, ni lita sitini.
Basi, toroli sitini.

Gwakisa mwenye Kanta hakuusoma ukuta.
Alizunguka uwanja, akatema kapi la muwa,
akafumba jicho moja.
"Mwalimu, hii ni tripu moja na kitu."
Kitu ni kiasi gani?
"Kitu ni kitu. Ila naleta mbili. Kitu hakiuzwi."

Nilibishana naye kwa desimali.
Akamwaga mbili.
Mlima mweusi mbele ya mlango wangu, hapa Isyesye,
unafuka mvuke asubuhi.

Mvua ya kwanza ikanitia adabu:
udongo ulikaa, ukashuka vidole vinne.
Kumbe nilipima na hewa, hewa nikailipia.
Kitu cha Gwakisa ndicho kilichojaza pengo.
Sikumpigia simu kumwambia.

Nikawa nachambua mawe, yale mepesi yanayoelea kwenye ndoo,
jembe likagonga bati.
Kifuniko cha birika.
Kijani, na kishikio nilichokifunga waya mwenyewe
mwaka ule tulipovuna viazi Nsalaga.
Miaka kumi na moja birika langu linafunikwa kwa kisosi.

Hapo nikapiga.
"Gwakisa, udongo huu umeutoa wapi?"
"Nsalaga, mama. Wanachimba msingi wa gesti. Kwani una mawe?"
"Hapana. Ni mzuri."

Shamba lile tuliliuza Anyisile alipolazwa.
Nikaitoa hati kabatini, nikaisoma kama daftari la mtoto,
kalamu nyekundu mkononi:
urefu hatua sabini, upana arobaini,
mashahidi wawili, dole gumba la shemeji.
Kina hakikuandikwa.
Hakuna aliyeuliza tunauza mpaka wapi, kwenda chini.

Nikarudi ukutani. Shamba zima,
kwa kina cha jembe tu, tripu ngapi,
mara elfu tisini...
Nikafuta kwa kiganja kabla ya jibu.

Maji yalishachemka.
Kifuniko kimeingia,
kwa kulazimishwa kidogo.