Namba Hazilingani

Pinde mbili juu ya meza ya jikoni,
kati ya birika la kahawa na mkate mweusi.
Zimevunjwa (hapana, neno hilo Babu Veikko halitaki),
zimefunguliwa, vipande vitatu vitatu:
mpini, bawa la juu, bawa la chini,
kama wageni waliovua makoti wakaketi.

Bwana Pruitt ametoka Ohayo na lenzi na glavu nyeupe.
Anausifu ule wa Arvo: mti wa jozi uliokolea,
vanishi haijachubuka,
fibaglasi haina ufa hata wa unywele.
Wa babu anaupitia haraka.
Ngozi ya mshiko imeiva kwa jasho,
damu ya zamani imelala kwenye tundu la skrubu,
na pale upote unapopigia pamelika.
"Huu wa kuwindia," anasema. "Ule wa kabatini."
Kama anayetenga shoka na picha ya shoka.

Kisha anageuza mabawa, asome wino mweupe wa fundi.
Anasoma tena. Anavua miwani.
Namba hazilingani.
Bawa la chini la Arvo ni la babu,
la babu ni la Arvo.
Bei inashuka nusu, palepale,
na kahawa bado inatoa moshi.

Babu anacheka hadi anakohoa.
Novemba ya sitini na nane, anasema, hemani,
taa imekwisha mafuta, vidole vimekufa ganzi,
ndugu wawili wanafunga boliti kwa kupapasa,
kila mmoja akimlaumu mwenzake kwa kukoroma.
Kabla ya adhuhuri wakaangusha kulungu wawili.
Nani angefungua tena?

"Yabadilishe tu," anasema Bwana Pruitt, "dakika tano,
nitalipa bei kamili, zote mbili."
Na ni kweli. Boliti mbili.
Ufunguo umo drooni,
pamoja na viberiti na risiti ya jeneza la Arvo.

Babu anauchukua ufunguo.
Anakaza.

Ule wa Arvo sasa ni wangu.
Juu ratili arobaini na tano, chini arobaini na saba;
fundi yeyote wa Michigani atakwambia haufai.
Mshale hupanda kidogo. Kila mara, kidogo tu.
Theluji ikianza kwenye misonobari nyuma ya nyumba
nalenga chini ya pale ninapopataka.