Mtoto wa Jicho

Nikanori, simama hapo kizingitini, usitoke bado.
Hapa Kolchani jua lina milango miwili:
mmoja juu, ambao kila mtu anauona,
mmoja chini, ndani ya chumvi.
Chumvi nyeupe hadi upeo wa macho
huudaka mwanga na kuurusha tena usoni
kama mtoto mtukutu aliyetupiwa mpira.

Kofia inakinga mlango wa juu.
Ukingo wake nimeutia kadibodi ya boksi la sabuni
usilegee ukagonga fremu.
Unakumbuka ile ya kwanza?
Iliisukuma miwani hadi ncha ya pua,
ukatazama dunia juu ya lenzi, ukungu mtupu,
ukamkanyaga mbwa.
Mbwa amekusamehe.
Mlango wa chini bado uko wazi.

Tukajaribu miwani ya baba yako, ya kuendeshea lori,
juu ya miwani yako.
Pua moja, nyumba mbili; ukacheka hadi zikaanguka zote.
Tukajaribu vile vioo vya kubana, vinavyofunguka kama dirisha.
Boliviano thelathini. Vilidumu siku nne.
Siku ya tano uliinama kufunga kamba ya kiatu
na chumvi, unaifahamu, hairudishi kitu.

Sokoni Uyuni kulikuwa na ile nyeusi yenye chui mikononi mwake,
boliviano kumi tu, ukailia njia nzima.
Sikukunyima kwa ubahili, mwanangu.
Zenobia, yule mama wa macho, aliniambia:
weusi peke yake si kinga.
Giza la bandia huilaghai mboni,
hudhani jioni imefika, hufungua mlango wote,
na mwizi huingia mchana kweupe.

Akaniwekea mezani lenzi zinazojigeuza zenyewe,
kweupe ndani, kijivu nje.
Nikauliza bei. Nikauliza tena,
labda sikusikia vizuri.
Nilisikia vizuri.
Vifurushi mia sita vya chumvi, nilihesabu njiani,
nusu sasa, nusu baada ya mavuno ya kinoa.

Najua zina kasoro. Kwa baridi yetu hii
huchelewa kurudi weupe, na Mwalimu Herminio
alidhani umelala darasani.
Wenzako wamekuita jambazi wa benki.
Waambie jambazi hana ukanda wa mpira kisogoni
ulioshonwa na mama yake.

Jana ulinijibu: "Mama, jua nalijua."
Hulijui. Una miaka saba.

Mtu akizeeka husemwa amekula chumvi nyingi.
Mimi sijazeeka, na nimeila:
nimeipasua kwa shoka, nimeirundika vichuguu,
nimeipakia, nimeilia, nimeitemea,
macho yangu wazi, bila kioo wala kitambaa,
tangu nilipokuwa kimo chako.
Sasa jicho la kushoto limepata mtoto.
Mtoto wa jicho. Sikumwomba.
Hali, halali, hasomi,
anashusha pazia tu, kidogo kidogo,
na taa ya jikoni imeota manyoya.
Zenobia asema hutolewa, Potosi, siku moja tu, si maumivu.
Nikasema, kwanza huyu mwenye miguu.

Basi geuka, nikaze ukanda.
Umepaka mafuta puani, pale fremu inapokalia?
Na masikio. Masikio yote mawili, Nikanori.
Saa sita ukae upande wa ukuta,
hata kama mpira uko upande mwingine.

Haya, nenda.

Hatua tatu nje ya mlango
lenzi zinaanza kuingia moshi.
Hatua kumi, unageuka kunipungia,
na macho yako siyaoni tena.

Vyema.
Kama siyaoni mimi niliyeyazaa,
jua nalo litafute, lichoke.