Marudio

Chumvi, dada, naijua:
ya jikoni, ya mawe, ya kulambwa na ng'ombe.
Hii yako inayotiririka nzito kama asali
bila tone la maji ndani yake
sikuwahi kuambiwa.

Atuganile alishuka kwenye basi la asubuhi kutoka Mbeya,
begi moja la nguo, dumu moja la lita tano
alilolipakata njia nzima kama mtoto mwenye homa.
Akanitajia vilivyomo: kolini, ile ya chakula cha kuku;
yurea, ileile tunayowekea mahindi;
na iodini, dawa ya kidonda.
"Viwili vya kwanza ni unga," akasema. "Vikutanishe
na moto kidogo, vinaoneana haya, vinayeyuka,
havitaki tena kuwa unga."
Isipokuwa Julai, kule Uyole:
usiku baridi ilishuka, chupa ikaganda mezani,
akalala nayo kwapani
mpaka kukakucha.

Mimi nina karasha, Matundasi.
Nasaga mawe ya watu, nabaki na marudio.
Wenye maarifa nimewaona,
mmoja na mashine, mmoja na maombi,
wote waliondoka wakidaiwa hela ya maji.
Nikampa ndoo moja. Nusu, tuseme.
Undugu ni undugu, lakini mchanga una hesabu yake.

Siku mbili dumu lilikaa juani, jekundu kama chai ya mkandaa,
jiwe likitoa siri polepole
kama shahidi aliyechoka kusimama.
Mimi nilizoea zebaki. Zebaki haina subira:
inaikumbatia dhahabu papo hapo, mbele za watu,
halafu inadai.

Aliyelipa ni mama.
Miaka kumi na tisa, karai lilelile,
asubuhi maandazi, jioni zebaki,
akiupuliza moto, akiumeza moshi,
sisi tukila, tukishiba, tukienda shule.
Sasa akishika kikombe chai inamwagika
kabla haijafika mdomoni,
na jina langu analitafuta
kwa kupitia majina ya ndugu zangu wote,
hata ya waliokufa.

Siku ya tatu Atuganile akafunga waya kwenye betri ya pikipiki.
Tukangoja. Watoto wakachoka, wakaenda kucheza.
Kwenye kipande cha chuma kikatokea kitu
kidogo kuliko punje ya ulezi,
cheusi; alipokisugua, njano.
Hakikutosha hata nauli yake ya kurudi.
Dumu lilikuwa bado limejaa.
"Hii hairuki na hewa," alisema. "Kesho naitumia tena."
Sikumjibu. Nilikuwa natazama ndoo nyingine.

Mama alikuwa amekaa upande upepo unakotoka,
kitenge kimeziba pua, mazoea ya zamani.
Alitazama dumu, akatazama betri,
akatazama juu.

"Moshi uko wapi?"

Hakuna moshi, mama.

"Basi bado haijaiva,"
akasema,
na kitenge hakukishusha.