Daftari la Mchango

Nilipotoka chumba cha mahututi
watu wa Nyalenda walichinja majogoo wawili.
Apondi akasoma daftari:
mama wa mandazi, mia mbili;
fundi baiskeli, hamsini.
Wote hao walininunulia pumzi.

Sasa pumzi ninayo.
Cherehani imefunikwa leso tangu Machi,
uzi umelikataa tundu la sindano,
na mbuta mdomoni ni karatasi.
Usiku mita ya stima ikilia ti, ti,
naamka napapasa mrija kooni.

Wakiniuliza, "Umepona?"
nasema nimepona.
Nitamwambiaje mama wa mandazi
kwamba mia mbili zake
zinalala mchana kutwa, zimegeukia ukutani?

Jana Apondi hakusema kitu.
Alileta shati lisilo kifungo,
akaliacha hapo, juu ya leso.