Nafasi Nne

Saa nane usiku, Januari, banda la vioo
nje kidogo ya Hveragerði. Theluji imelala juu ya paa
na ndani, miche mia sita ya nyanya
inasubiri maji ya moto kutoka ardhini.
Hayaji.

Ni mimi niliyeandika programu. Tuseme ukweli:
ni mimi niliyebandika.
Nilinakili mistari arobaini ya Steinþór
kutoka faili lake la zamani, nikaimwaga katika langu,
na kihariri, mtumishi mwenye bidii kuliko akili,
kikaona kila mstari umeanzia ndani,
kikausogeza ndani zaidi,
    na unaofuata zaidi,
        na unaofuata zaidi,
            hadi msimbo ukawa ngazi
                ya kushukia sijui kwa nani.

Niliinyoosha kwa mkono, macho yamejaa usingizi.
Mmoja ukanipita.
*Fungua bomba*: maneno mawili tu, yamekaa
hatua moja kulia kuliko yanavyostahili,
chini ya sharti la mchana.
Na hapa, mwezi huu, mchana ni uvumi.

Kwa hiyo mashine haikukosea. Ilitii.
Ilingoja jua kama nilivyoiagiza.

Nyuzijoto kumi na moja. Kumi.
Nyuki bambi wamejikunyata katika sanduku lao la karatasi,
hakuna anayevuma.
Vidole vyangu navyo vinagonga vitufe nisivyovitaka.

Nazima kule kujongeza kwa kujituma. Nafuta. Nabandika upya.
Safari hii mistari inatua ilivyo.
Bado bomba limenuna.

Basi nakiambia kihariri: nionyeshe unachonificha.
Utupu wote unavaa alama,
nafasi ni kinukta, kichupo ni kishale,
na pale, katikati ya vinukta vyangu,
kishale kimoja cha Steinþór,
kirefu, kimya,
kama mgeni aliyekalia kiti cha mwenye nyumba.

Nakitoa. Naweka nafasi nne,
nazihesabu kwa kidole juu ya skrini kama mtoto wa chekechea,
moja, mbili, tatu, nne,
na *fungua bomba* inarudi chini ya *kila saa*,
haidaiwi tena na mchana wala usiku.

Nahifadhi. Naendesha.
Kimya.
Halafu mabomba yanakohoa,
harufu ya salfa inapanda, mayai viza, harufu ya kwetu,
na vioo vinaanza kutoka jasho.

Asubuhi, kama ni asubuhi, Steinþór anakuja na kahawa.
Anaweka msimbo wa jana kando ya wa leo,
anatazama huku na huku, anakuna kidevu.
"Eyrún, umebadilisha nini? Maneno ni yaleyale."

Ni yaleyale.
Nachukua kikombe chake, napiga funda moja.
Nyuki mmoja ameshatoka.